Ukatili wa Wenza: Namba Zinazogombana na Namna ya Kuzisoma

Mwaka 2014 Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya ulitoa matokeo ya utafiti uliowahoji wanawake 42,000 katika nchi 28. Denmark, inayosifiwa kila kona kwa usawa wa kijinsia, ilikuwa na asilimia 32 ya wanawake waliowahi kupigwa au kulazimishwa ngono na wenza wao tangu wafikishe umri wa miaka 15. Finland ilikuwa na 30, Uswidi 28. Poland, Hispania na Austria zilikuwa na 13 tu. Huku kwetu, Utafiti wa Hali ya Demografia na Afya Tanzania ulionyesha kuwa wanawake waliowahi kupigwa tangu umri huohuo walishuka kutoka asilimia 40 mwaka 2015-16 hadi 27 mwaka 2022. Mwaka huo wa 2022 Kenya ilipata asilimia 34 kwa wanawake na 27 kwa wanaume.

Kila mwenye hoja amejichotea hapo. Anayechukia harakati za wanawake huonyesha Denmark na kusema usawa ndio unaoleta ugomvi ndani ya nyumba. Anayetaka kuisifu serikali huonyesha Tanzania na kusema vita inaelekea kwisha. Anayemtetea mtoto wa kiume huonyesha Kenya na kusema waume nao wanapigwa karibu sawa na wake zao. Wote wananukuu takwimu zilizochapishwa na vyombo vinavyoheshimika, na wote wanaruka swali moja: ni nini hasa kilichohesabiwa? Zile asilimia 34 na 27 za Kenya, kwa mfano, hazipimi ukatili wa wenza. Zinahesabu kipigo kutoka kwa mtu yeyote: mzazi, mwalimu, jirani, kibaka wa njiani, na mwenza akiwa mmoja wao. Vivyo hivyo zile 40 na 27 za Tanzania.

Watafiti wenyewe hawakubaliani juu ya njia bora ya kuupima ukatili huu katika nchi tofauti, na kutokubaliana kwao kuna sababu nzito. Kuzipanga nchi kwa safu kama timu za ligi ndiyo matumizi dhaifu kuliko yote ya takwimu hizi. Ili kuona kwa nini, inabidi kuzipitia njia zenyewe.

Maswali yalikotoka

Kwa muda mrefu, kilichojulikana kuhusu vipigo vya ndani ya ndoa kilitoka polisi, mahakamani na wodini. Mwanasosholojia wa Marekani, Murray Straus, alifungua mlango mwingine. Mwaka 1975 yeye na wenzake walizihoji familia nchini mwao kwa kutumia orodha ya matendo: kusukumwa, kupigwa kofi, kupigwa ngumi, kutishiwa kisu au bunduki. Orodha hiyo, aliyoichapisha rasmi mwaka 1979, ndiyo mzazi wa madodoso mengi yaliyofuata. Mwaka 1990 Colombia iliingiza maswali ya ukatili wa nyumbani katika utafiti wake wa demografia na afya, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, na baadaye maswali hayo yakasanifiwa ili yaulizwe kwa namna moja katika nchi nyingi.

Hatua kubwa kuliko zote ni ile ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lililochapisha mwaka 2005 utafiti wa wanawake 24,097 katika maeneo 15 ya nchi 10, Tanzania ikiwemo. Wanawake waliowahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenza walikuwa asilimia 15 katika eneo la mjini Japan na asilimia 71 katika eneo la vijijini Ethiopia. Dar es Salaam ilipata 41, Mbeya 56.

Hizo mbili za mwisho zinastahili kutazamwa tena. Dar es Salaam na Mbeya ziko chini ya bendera moja, sheria moja na bunge moja, lakini pengo kati yao ni pointi 15, sawa na kiwango kizima cha eneo lile la Japan. Nchini Peru, Lima ilikuwa na asilimia 51 na Cusco 69. Anayeuliza "Tanzania ni ya ngapi?" ameshapoteza habari kubwa kabla hajajibiwa, kwa sababu wastani wa taifa unafuta tofauti ambazo mtu wa Mbeya anaishi nazo kila siku.

Daftari la polisi

Njia ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, ni kuhesabu kesi. Nguvu yake ni kwamba haina gharama ya ziada, inakusanywa mwaka mzima bila kusubiri utafiti wa kila miaka mitano, na inaonyesha mahali huduma zinapohitajika: Dawati lipi la Jinsia na Watoto limeelemewa, hospitali ipi inapokea majeruhi wengi wenye fomu ya polisi ya PF3.

Udhaifu wake ni mkubwa kiasi kwamba kwa kulinganisha nchi na nchi hauna dawa. Uchambuzi wa takwimu za nchi 24 uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kuwa kati ya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, asilimia 7 tu ndio walioripoti kwenye chombo chochote rasmi. Wengine walimwambia ndugu au shoga, au hawakumwambia mtu. Kisha kuna sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga, lakini nchi haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani kama ile ya Uganda ya mwaka 2010 au ya Kenya ya mwaka 2015. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haihesabu ubakaji kati ya mume na mke isipokuwa wametengana, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 imewaondoa wanandoa halali katika kosa hilo. Uswidi, kwa upande wake, huandika kila tendo kama kosa lake, hata matendo kumi yakitoka kwa mtu mmoja. Ukizipanga nchi hizi kwa daftari la polisi, utaona Uswidi imeoza na Afrika Mashariki ni salama. Hitimisho hilo ni la uongo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata waandishi wa habari: dawati jipya likifunguliwa na askari wake wakawa wasikivu, idadi ya kesi hupanda. Kichwa cha habari husema ukatili umeongezeka, wakati kilichoongezeka ni imani ya wanawake kwa polisi. Daftari la polisi linatueleza zaidi kuhusu dola kuliko kuhusu nyumba.

Kuhesabu matendo

Dodoso la matendo lilikuja kuziba pengo hilo. Halimuulizi mwanamke kama ni mhanga wa ukatili, maana wengi waliopigwa watasema hapana kwa moyo mweupe. Linamuuliza kama mume au mwenza amewahi kumsukuma, kumkaba, kumburuta, kumlazimisha. Jibu la Chake Chake na jibu la Cusco yanaweza kuwekwa pamoja kwa sababu swali ni moja.

Tatizo ni kwamba tendo likivuliwa mazingira yake hupoteza nusu ya maana. Kofi la mara moja katika ugomvi wa watu wawili waliolingana linahesabiwa sawa na kofi linalomkumbusha mwanamke kisu cha mwaka jana. Ndiyo maana tafiti za Straus zilitoa matokeo yaliyozua vita ya kitaaluma isiyokwisha hadi leo: kwamba wanawake na wanaume wa Marekani hupigana kwa viwango vinavyokaribiana. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Archer, alikusanya tafiti nyingi za aina hiyo na kukuta wanawake wakikiri matendo ya kupiga mara nyingi kidogo kuliko wanaume, huku asilimia 62 ya waliojeruhiwa wakiwa wanawake. Russell na Rebecca Dobash, waliowasikiliza kwa kirefu wanawake waliopigwa huko Scotland, walipinga wakisema usawa huo ni kivuli kinachotengenezwa na dodoso lisilouliza nani alianza, nani aliogopa na nani aliumia.

Aliyesogeza mjadala mbele ni Michael Johnson wa Marekani, mwaka 1995. Hoja yake ni rahisi na, kwa maoni yangu, bado haijapata mpinzani wa maana: pande zote mbili zinasema kweli, lakini kuhusu watu tofauti. Upo ugomvi unaopanda hadi watu wakapigana, ambao wanawake na wanaume wote hushiriki. Na upo utawala wa hofu, ambapo mmoja, mara nyingi mwanamume, anadhibiti fedha, simu, safari na marafiki wa mwenzake, na kipigo ni chombo kimoja tu cha udhibiti huo. Tafiti za kaya hukamata zaidi aina ya kwanza, kwa sababu mwanamke aliye katika aina ya pili mara nyingi hawezi kabisa kukaa faragha na mdodosaji. Nyumba za hifadhi hukutana na aina ya pili. Anayelinganisha wanaume na wanawake wa Kenya bila kutenganisha aina hizi mbili, wala kutenganisha mwenza na mwalimu, hajalinganisha chochote. Maumivu ya wanaume wanaopigwa ni ya kweli, na wanastahili utafiti unaowauliza maswali yao sawasawa badala ya kubebeshwa asilimia isiyowahusu.

Maisha yote au mwaka mmoja

Hapa ndipo mchanganyiko mkubwa ulipo, na ndipo pia penye nuru kubwa. Madodoso huuliza mambo mawili: je, imewahi kutokea maishani, na je, imetokea katika miezi 12 iliyopita. Vyombo vya habari hupenda namba ya kwanza kwa sababu ni kubwa.

Katika utafiti ule wa WHO, asilimia 15 ya wanawake wa eneo la Japan waliwahi kufanyiwa ukatili, lakini waliofanyiwa katika mwaka uliopita walikuwa takriban 4 tu. Katika eneo la Ethiopia ilikuwa 71 na 54. Maana yake ni kwamba wengi wa wanawake wale wa Japan wanazungumzia jambo lililopita: waliondoka, au mwenza aliacha. Wengi wa wale wa Ethiopia bado wamo ndani yake. Makadirio ya WHO ya mwaka 2018, yaliyotolewa mwaka 2021 kwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49, yanaonyesha picha hiyohiyo kwa ukubwa zaidi: duniani kote asilimia 27 maishani na 13 kwa mwaka, lakini katika nchi maskini kuliko zote ni 37 na 22.

Ukiisoma Denmark kwa jicho hili, kitendawili kinapungua ukali, ingawa hakiishi. Mwanamke aliyepitia wenza wanne, akamwacha mmoja baada ya kupigwa mara moja, anaingia katika namba ya maisha sawa na aliyekaa miaka thelathini chini ya kipigo. Mahali ambapo kuondoka ni rahisi, namba ya maisha inaweza kuwa kubwa bila ya hatari ya leo kuwa kubwa kwa kiasi hicho. Wapo wanaoongeza kuwa wanawake wa Skandinavia husema waziwazi zaidi. Enrique Gracia na Juan Merlo, waliolipa jambo hili jina la kitendawili cha nchi za Nordiki mwaka 2016, hawakuridhika na jibu hilo, na uchambuzi wa mwaka 2019 uliolinganisha majibu ya Uswidi na Hispania ulikuta maswali yanapima kitu kilekile katika nchi zote mbili na pengo bado lipo. Mimi naona uchambuzi huo unaondoa shaka juu ya maswali, lakini hauwezi kuondoa shaka juu ya ukimya. Anayenyamazia kila swali kwa kiwango kilekile haachi alama kwenye hesabu. Kwa vyovyote, kurukia hitimisho kwamba usawa huleta kipigo ni kupita mbali kuliko ushahidi wenyewe ulipofika.

Wafu hawafichwi, lakini muuaji hufichwa

Wapo wanaosema tuache maswali, tuhesabu maiti, maana kifo hakina tafsiri mbili. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenza au ndugu zao, na Afrika ilikuwa na kiwango cha juu kuliko mabara yote, 2.9 kwa kila wanawake 100,000. Karibu asilimia 60 ya wanawake wote waliouawa kwa makusudi mwaka huo waliuawa na watu wa nyumbani. Kwa wanaume ilikuwa karibu 12.

Lakini makadirio ya Afrika yanategemea nchi chache zenye kumbukumbu. Kesi ya mauaji huandikwa jina la marehemu na mahali, na mara nyingi uhusiano wake na muuaji haupo kwenye faili. Wanawake waliojaa barabarani Nairobi na miji mingine ya Kenya tarehe 27 Januari 2024 walidai, pamoja na mengine, mauaji ya wanawake yahesabiwe kama jambo la peke yake. Dai hilo la takwimu ni dai la maisha. Kisichoandikwa hakina bajeti.

Bei ya kusema kweli

Kila njia inayouliza binadamu inagongana na swali la usalama. Mwongozo wa maadili wa WHO, uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, uliweka utaratibu unaofuatwa hadi sasa: ahojiwe mwanamke mmoja tu katika kaya, utafiti uitwe jina la kawaida, kama vile wa afya na maisha ya wanawake, mtu akiingia chumbani, mdodosaji ahamie kwenye maswali ya chanjo au lishe, na kila aliyehojiwa aelekezwe mahali pa msaada. Taratibu hizi zinapunguza sampuli na kuongeza gharama. Zinafaa hata hivyo, kwa sababu utafiti unaomwacha mwanamke na kipigo kipya jioni ile haupaswi kufanyika.

Je, faragha inatosha kumfanya mtu aseme? Mchumi Claire Cullen alilijaribu swali hili Rwanda na Nigeria. Alitumia njia ambapo mwanamke hutaja tu ni mambo mangapi katika orodha yamempata, bila kusema ni yapi, na mtafiti hupata kiwango kwa kulinganisha makundi. Kwa njia hiyo kiwango cha ukatili wa wenza Rwanda kiliongezeka maradufu ukilinganisha na maswali ya moja kwa moja, na Nigeria kiliongezeka kwa hadi asilimia 39. Peru, jaribio la aina hiyo lilikuta wastani haubadiliki, ila wanawake wenye elimu ya juu walikuwa wameficha.

Matokeo haya yananitia wasiwasi kuliko mengine yote. Kama kila mtu angeficha kwa kiwango sawa, tungezidisha namba na kuendelea. Lakini kuficha kunakwenda pamoja na elimu, kazi na mila, mambo yaleyale tunayotaka kujua kama yanapunguza ukatili. Mwalimu wa shule akisema hajawahi kupigwa, je, elimu imemkinga au imemfunga mdomo? Njia ya orodha nayo ina dosari: inatoa kiwango cha kundi, haituambii ni nani, hivyo hatuwezi kufuatilia sababu wala kumpeleka mtu kwenye msaada.

Sababu

Pamoja na mashaka hayo, utafiti wa nchi nyingi umetupa jambo ambalo utafiti wa nchi moja usingeweza. Lori Heise na Andreas Kotsadam walichambua mwaka 2015 tafiti 66 kutoka nchi 44, zenye wanawake 481,205. Utajiri wa nchi peke yake haukueleza tofauti pale mila na mamlaka ya wanaume vilipoingizwa kwenye hesabu. Kilichobaki na nguvu ni kama jamii inaona kumpiga mke ni halali, na kama sheria na desturi zinamnyima mwanamke ardhi na mali. La kushangaza zaidi ni hili: nchi zenye wanawake wengi katika ajira rasmi zina ukatili mdogo, lakini katika nchi ambako wanawake wachache hufanya kazi, yule anayepata fedha yake yuko hatarini zaidi. Mradi wa mikopo unaofaa mahali pamoja unaweza kuumiza pengine.

Hapo pia ndipo maswali ya mtazamo yanapopata uzito. Mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Kwa wanaume ilikuwa 40. Wengine husoma hapo kwamba wanawake wanapenda kipigo. Usomaji wa haki zaidi ni kwamba mwanamke anajibu kanuni anayojua itatumika juu yake.

Na kanuni hubadilika. Mradi wa SASA! wa kubadili mitazamo ya jamii jijini Kampala, uliopimwa kwa kugawa mitaa kwa bahati nasibu, ulionyesha mwaka 2014 kuwa vipigo vya mwaka uliopita vilikuwa pungufu kwa takriban nusu katika mitaa iliyofikiwa. Jijini Mwanza, asilimia 23 ya wanawake wa vikundi vya mikopo waliopewa mafunzo walisema walifanyiwa ukatili katika mwaka uliopita, dhidi ya asilimia 27 ya wasiopewa. Mkosoaji atasema waliofunzwa wamejifunza jibu zuri. Inawezekana. Lakini mafunzo hayohayo humtoa mtu woga wa kusema, na hilo lingeipandisha namba badala ya kuishusha.

Namba ipi kwa kazi ipi

Ukitaka kujua kama polisi wanafanya kazi, soma daftari la polisi, usilichukue kama kipimo cha ukatili. Ukitaka kujua hatari ya leo, soma namba ya miezi 12, na uitafute ile ya mwenza peke yake. Ukitaka kujua kama nchi inasonga mbele, ilinganishe na nafsi yake kwa dodoso lilelile, na uulize kama wadodosaji walifunzwa vilevile. Kushuka kwa Tanzania hadi 27 ni habari njema inayostahili kuaminiwa kwa tahadhari: inaelekea kuwa ya kweli kwa sehemu, lakini hairuhusu mtu kutangaza ushindi kabla ya utafiti mwingine kuithibitisha. Na ukitaka kujua sababu, hapo ndipo nchi nyingi zinahitajika pamoja, ili zieleze kwa nini kitu kimoja kinalinda hapa na kuhatarisha pale.

Uthibitisho huo sasa uko mashakani. Mpango wa kimataifa uliosimamia tafiti za demografia na afya kwa takriban miaka 40 ulilipiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Marekani, nayo iliusimamisha Februari 2025. Ofisi za takwimu za Dodoma na Nairobi zina wataalamu wa kuendeleza kazi hiyo, lakini maswali ya ukatili wa wenza yana gharama kubwa: wiki za kuwafunza wadodosaji, kurudi kwenye kaya mara ya pili na ya tatu hadi faragha ipatikane, na kuwahudumia wadodosaji wenyewe wanaobeba yale waliyoyasikia. Wizara za fedha zikilazimika kupunguza, hiyo ndiyo sehemu rahisi kukatwa, maana hakuna mwanamke atakayeandamana kudai aulizwe kama anapigwa. Bunge linapopitisha bajeti ya utafiti ujao, kila mbunge anayenukuu ile asilimia 27 aulize kwanza kama fungu la maswali hayo lipo.